Upande wa Nyuma wa Kadi

Nilitoka Marsabit siku ya Jumatatu, nimekaa juu ya lori la mbuzi, mgongo kwenye turubai na miguu kati ya pembe. Huko nilikuwa nimeendesha kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi kwa karibu miaka miwili, na kama ilivyonitokea Voi, na Garissa, na Lodwar kabla ya hapo, asubuhi moja niliamka nikaona nimekaa vya kutosha. Kirui, tuliyemaliza naye kidato cha nne, alikuwa amenipigia simu. Shamba la majani chai alilofanyia kazi, kati ya Kericho na Sotik, lilitafuta mtu wa kuingiza karatasi kwenye kompyuta.

"Ni miezi mitatu tu," alisema. "Unaweka karatasi, mashine inapiga picha, unatoa karatasi. Hata wewe huwezi kuchoka na mahali kabla ya miezi mitatu."

Mbuzi walishukia Nairobi. Nikapata lori la saruji hadi Nakuru, na Nakuru nikangoja siku nzima kwa sababu trela lilikuwa limelala katikati ya barabara huko mbele. Nilifika Kericho Alhamisi alasiri, ndani ya pikapu ya kabichi, mvua ya mawe ikigonga paa. Mtu aliyezoea vumbi la Marsabit huumwa macho na ule ubichi. Vilima vyote vilikuwa vimekatwa usawa mmoja kama nywele za mwanajeshi, na katikati ya chai hapakuwa na watu. Mashine za kuchuma zilikuwa zimeshafika. Nyumba za wafanyakazi, zile zinazoitwa laini, nyingi zilikuwa na milango iliyopigwa misumari.

Kirui alinipeleka kwenye ukumbi wa wafanyakazi, chumba cha nyuma. Mwanamke aliyekuwa ndani hakunisalimu. Aliangalia mikono yangu.

"Nawa kwanza. Mfereji uko nje."

Nilinawa, nikarudi. Akanusa hewa.

"Umekuja na mbuzi."

"Ndiyo, mama. Kutoka Marsabit."

"Nani anasema ni Marsabit?"

"Mimi."

"Ulikuwa unaona njia ama uliambiwa na dereva?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alichukua kadi, akaandika jina langu na mahali nilipotoka, akaigeuza, akaandika kitu upande wa nyuma. Baadaye sana niliiona kadi ile. Nyuma ilisema: *Amesema mwenyewe. Harufu inakubaliana.*

Shamba zima lilimwita Mama Maktaba, nami sitamwita vingine. Vitabu vyake havikujaza rafu mbili: vitabu vya shule visivyo na majalada, Biblia za lugha tatu, na maelezo ya magonjwa ya chai. Watu hawakuja kwa vitabu. Walikuja kwa droo zake. Kulikuwa na kabati la mbao la fundi wa shamba, lenye droo nyingi ndogo zilizogawanywa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza aliiandika ALIONA. Ya pili, ALIAMBIWA. Ya tatu, BADO. Ndani mlikuwa na kadi alizozikata kutoka kwa mafaili ya manila yaliyotupwa na ofisi, maelfu yake, zimeandikwa kwa penseli. Nani alizaliwa laini gani, mwaka gani wa mvua kubwa au njaa. Nani alifika kutoka ziwani na nani, akaandikishwa kazi kwa jina la ndugu yake. Nani alikufa, akazikwa wapi. Maana makaburi ya shamba, kule juu kwenye mikaratusi, yalikuwa na vigingi vya mbao tu, na vigingi huoza, au hung'olewa na wenye baridi kuwasha jiko.

Alikuwa na njia yake ya kutafiti, na hakufundishwa na mtu. Alimwuliza mtu swali moja mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili alipitisha mwezi. Kama majibu yalilingana neno kwa neno alitia shaka. "Huyo amekariri," aliniambia. "Mtu aliyeona kitu, kila mara anakumbuka kipande kingine." Upande wa mbele wa kadi aliandika jibu. Upande wa nyuma aliandika nani alisema, alikuwa amesimama wapi, ana ugomvi na nani, na nani alimpinga. Ukimsomea kadi, kabla hujamaliza sentensi alikuwa tayari anasema, "Geuza." Alilisema hilo hata kanisani. Mchungaji alipotangaza mwaka kanisa lilipojengwa, Mama Maktaba aliyekuwa benchi la tatu alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Geuza, mchungaji, tusikie nani alikuambia." Watu walicheka hadi sadaka ikachelewa. Mchungaji hakutaja mwaka tena.

Alikuwa mkali na mwenye huruma kwa wakati mmoja, na hukujua siku hiyo utampata yupi. Hakumwazima mtu kitabu bila kumfokea, lakini alikwenda kila mazishi, ya Wakipsigis wenyeji na ya watu wa ziwani kama yeye, amebeba sukari na kadi ndani ya aproni moja. Alipenda redio, hasa matangazo ya vifo. Angeacha chai ipoe akinakili majina. Alidharau watu waliolia mbele za watu. Na kila Ijumaa mchana alifunga mlango nusu saa, akasema anapanga droo, na akitoka macho yake yalikuwa mekundu.

Mzee Arap, mlinzi wa ukumbi, ndiye aliyenieleza, tumekaa kwenye ngazi tukinywa mursik, maziwa yake ya kibuyu.

"Anatafuta mtoto," alisema.

"Mtoto amepotea?"

"Amezikwa. Lakini hajui wapi."

Mume wake alikuwa fundi wa boila kiwandani. Miaka mingi nyuma, mamake Mama Maktaba alifariki huko ziwani, naye akaenda kuzika. Ilikuwa mvua, mtoto wa miezi minane alikuwa na kifua, wakaamua amwache na jirani. Aliporudi baada ya majuma mawili alikuta mtoto alikwisha kufa na kuzikwa. Juma hilo walizikwa wanne. Mume alijua ni kule juu kwenye mikaratusi, ila safu ipi, kigingi kipi, hakukumbuka. Siku ile alishikwa mikono akaongozwa kama kipofu. Naye akafa kabla kichwa hakijamrudia vizuri. Hapo ndipo mwanamke yule alipoanza kuuliza. Alimwuliza mchimba kaburi, jirani, katekista, kila mtu aliyekuwa shambani mwaka ule. Wengine walisema, mama, hilo sijui, lakini nakumbuka wa fulani yuko wapi. Akaandika na hilo. Kadi ya kwanza kabisa ya maktaba yake ilikuwa kwenye droo ya BADO, na ilikuwa na maneno matatu mbele: *Mwanangu yuko wapi?* Nyuma ilikuwa imejaa majina hadi ukingoni, kila jina limekatwa kwa mstari.

Kadi nyingine zote, aliniambia mwenyewe siku moja, aliziokota njiani.

Mradi ulikuwa hivi. Wageni waliofadhili walitaka maktaba ya kidijitali ya shamba, ili wafanyakazi waliohamishwa na mashine za kuchuma, na watoto wao popote walipo, waulize kwa simu na kujibiwa. Juu ya picha za kadi ingewekwa akili bandia, isome zote, iunganishe, ijibu kwa Kiswahili. Kirui alimweleza hayo kwa heshima sana.

"Mama, mtu hatakuja tena kutoka mbali. Ataandika swali, hapo hapo anajibiwa."

"Na kama haijui?"

"Itatafuta."

"Imetafuta, imekosa. Inajua kusema sijui?"

Kirui aliniangalia. Nami nikaangalia waya.

"Tutaifundisha, mama," akasema Kirui.

"Mfundishe hilo kwanza. Hayo mengine yatakuja."

Lakini hakuukataa mradi. Watu hupenda kusema wazee huogopa mashine, huyu hakuogopa. Alivaa miwani, akakaa karibu nami siku nzima, akataka kujua kioo cha skana kinaona nini na hakioni nini. Alitambua kabla yangu kwamba penseli iliyofifia haikutoka kwenye picha, akaanza kupitia upya maandishi, kadi mia mia, mkono ukitetemeka. Nilimwuliza mbona anajisumbua. Alisema, "Mimi nina kichwa kimoja. Hiyo inaweza kukumbuka wote pamoja. Labda kuna watu wawili waliniambia nusu nusu, na mimi sikuona." Nilielewa anamzungumzia nani. Alikuwa na tumaini, na lilikuwa kwenye ile mashine. Kwa miezi miwili niligeuza kila kadi kama alivyotaka, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na jioni nilitembea kwenye vijia vya chai, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikuwa nafikiria mji unaofuata.

Kisha kaka yake alifariki ziwani. Alifunga leso kichwani, akanikabidhi ufunguo.

"Usiharakishe," aliniambia. "Kadi haitembei."

Siku tatu baada ya kuondoka kwake, Kirui alikuja mbio. Wageni walikuwa wamesogeza ziara, wangefika Ijumaa. Tulikuwa hatujafika hata nusu.

"Piga mbele peke yake," akasema.

"Mama alisema..."

"Mama hayuko. Huko nyuma ni nini? Ni nani alikosana na nani. Ni umbea, boss. Mashine inataka majibu."

"Na droo ya BADO?"

"Hayo ni maswali. Wageni waje waone maswali?"

Ningeweza kukataa. Nimelifikiria jambo hilo katika miji yote niliyoishi tangu hapo, na kila mara nafika mahali pale pale: nilikuwa nimeanza kuchoka. Miezi mitatu ilikuwa inakaribia, miguu ilikuwa inawasha. Nikaweka kadi kifudifudi, mbele tu, mbele tu, na kazi iliyobaki, bila kugeuza wala kungoja penseli ipitiwe upya, ikaisha kwa siku mbili. Na hata zile nilizozipiga pande zote mbili, Kirui alizitoa nyuma zake ili zote zifanane. Ijumaa wageni walikuja, wakauliza, mashine ikajibu vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Walipiga makofi. Mmoja akauliza kama chumba kinaweza kusafishwa kiwekwe meza za kompyuta. Kirui alileta fomu. Ilisema nyaraka zote zimehifadhiwa kidijitali. Niliitia sahihi. Jumatatu vibarua wa kiwanda walibeba kabati, na kadi zikaenda na karatasi kuukuu za ofisi kuchomwa kwenye boila.

Alirudi Alhamisi, bado amefunga leso ya msiba. Alisimama mlangoni akaona meza mpya tano. Nilijitayarisha kwa kelele. Alikaa kwenye kiti, akavua viatu kama mtu aliyefika nyumbani kutoka mbali.

"Nimeenda kuzika tena," alisema. "Na nyinyi mmezika."

Mzee Arap alimletea chai, ikapoa mbele yake.

Haukupita muda, akaja mwanamume mmoja kutoka ziwani na gari la kukodi. Babake alikuwa mchuma chai na alizikwa shambani. Kwao, kama mwili umebaki ugenini, watoto huja kuchukua udongo wa kaburi, wakauzike ndani ya boma la marehemu ili naye awe amefika. Aliuliza kompyuta. Ikamwambia safu ya tano, karibu na ukuta. Alikwenda, akapiga magoti, akajaza udongo ndani ya chungu kipya, akaenda zake akiimba. Mama Maktaba alisikia jioni. Alitulia, akifumba macho, na nikaona midomo yake ikigeuza kadi ambayo haikuwepo tena.

"Safu ya tano ilisemwa na mpishi," alisema. "Nyuma niliandika mpishi amechanganya ndugu wawili. Amebeba udongo wa mtu mwingine."

Alitafuta namba ya yule mtu kwa siku mbili, akampigia, akaweka simu juu ya meza ili nisikie.

"Mwanangu, ile kaburi si yenyewe."

Ilijibu sauti ya mtu mzima aliyechoka: "Mama, tumeshazika. Mama yangu alilala jana usingizi mzuri, mara ya kwanza tangu niwe mtoto. Tafadhali. Usinipigie tena."

Akakata. Mama Maktaba aliirudisha simu ndani ya aproni.

"Umesikia?" akaniuliza. "Wamelala."

Kuanzia hapo alibadilika. Alikuja kila siku, akakaa pembeni kama mgeni ndani ya chumba chake. Watu wakiuliza kitu alionyesha kompyuta kwa kidevu. Hakusema "geuza" tena. Nilingoja niisikie, hata kwa kunitukana, na haikuja. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Sawa," kama unavyomjibu mtu aliyekukanyaga kwenye foleni.

Ijumaa moja mchana, wakati ule aliozoea kufunga mlango, aliketi mbele ya kompyuta, akaandika kwa kidole kimoja. Nilikuwa nyuma yake. Aliandika maneno yale matatu, kisha jina la mume, kazi yake, na mwaka. Mashine haikuchukua hata pumzi moja. *Mtoto wa fundi wa boila amezikwa safu ya tatu, chini ya mkaratusi uliopigwa na radi. Pole kwa msiba wako.*

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akatoka nje.

Niliikumbuka kadi ile. Ilikuwa kwenye ALIAMBIWA, nami niliipiga wakati wa mwanzo, pande zote mbili, kwa mikono iliyonawa. Upande wa nyuma uliandikwa: *Mchimba kaburi alisema haya aliponiona nalia. Siku ya mazishi alikuwa likizo kwao Ndanai. Mkewe amethibitisha. Ni mtu mwema.*

Mkataba wangu uliisha, nikakaa majuma mengine bila sababu, nikimsaidia Mzee Arap kukata ua. Kila siku nilipanga kumwambia. Kila siku nilimwona akipanda kilima na jembe na mche wa maua ndani ya kopo, na sikuweza. Hatimaye nikapata lori la maziwa lililokuwa linaenda upande wa Chepilat, na kutoka huko ningeona. Dereva alisema tutaonana barabarani saa nne asubuhi. Nilibeba mfuko wangu, nikapitia makaburini.

Alikuwa chini ya mkaratusi uliopasuka, amepanga mawe madogo kuzunguka kipande cha ardhi kisichozidi urefu wa mkono. Ndani yake palikuwa safi kama sahani.

"Unaenda," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wapi?"

"Sijui bado."

"Hilo ni jibu zuri." Aliinuka akijishikilia kiuno. "Sema. Umesimama kama mtu aliyemeza jiwe."

"Hii kadi, mama. Ilikuwa na nyuma."

"Najua. Niliandika mimi."

Yeye alikuwa anaangalia chini kwenye mawe.

"Nimeuliza miaka mingapi? Nimezeeka, watu walioona wamehama, wengine wamekufa. Kadi hakuna. Yule wa chungu, mama yake amelala. Na mimi nataka kulala, hata siku chache."

"Mimi ndiye niliyekunyang'anya."

"Ndiyo," alisema. "Ni wewe."

Alilisema bila hasira, kama anavyoandika, na ndivyo ninavyoendelea kulisikia. Kisha akaingiza mkono ndani ya aproni, akatoa kadi tupu, ya manila, na kipande cha penseli.

"Mkono wangu siku hizi unatetemeka. Andika. Mbele, andika safu ya tatu, chini ya mti wa radi."

Niliandika, nikiegemeza kadi kwenye goti.

"Geuza."

Niligeuza.

"Andika: Mama yake ameambiwa na mashine. Mashine iliambiwa na mchimba kaburi. Mchimba kaburi hakuwepo."

Nilipomaliza nilimpa. Hakuipokea.

"Kaa nayo wewe. Mimi hapa nahitaji mbele tu."

Honi ya lori ilisikika barabarani. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, akanipa kidogo, akauchukua tena. "Nawa ukifika," alisema.

Nilishuka kilima. Dereva alikuwa ameshawasha injini, makopo ya maziwa yakigongana nyuma. Nilipanda, na lori lilipozunguka kona ya chini ya makaburi nilitazama juu nimwone kwa mara ya mwisho. Hakuwa tena chini ya mkaratusi. Alikuwa hatua chache pembeni, ameinama, jembe likipanda na kushuka. Alikuwa ameshalipalilia kaburi linalofuata katika safu ile, lisilo na kigingi wala jina, na alikuwa anaanza la tatu.